Sumaku na Kisahani cha Alumini: Somo Lililoachwa Pembeni

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiulizwa sumaku hufanya nini, jibu huwa tayari mdomoni mwake: sumaku huvuta chuma. Akidadisiwa zaidi huongeza kwamba nikeli na kobalti nazo huvutwa, na kwamba shaba, alumini, risasi, mbao na kioo havivutwi. Jibu hilo ni sahihi, na katika mtihani hupata alama zote. Lakini mwanafunzi huyo huyo arudipo nyumbani huenda akapita mbele ya mita ya umeme ya aina ya zamani, ambayo nyuma ya kioo chake kuna kisahani chembamba cha alumini kinachozunguka polepole usiku na mchana. Hakuna waya uliofungwa kwenye kisahani hicho. Hakuna betri ndani yake, wala kitu chochote kinachokigusa ili kukisukuma. Kinachokizungusha ni sumaku. Na alumini, kama alivyokwisha kuandika mwenyewe katika daftari lake, haivutwi na sumaku.

Hapa pana fumbo ambalo lingetosha kulishughulisha darasa zima kwa juma moja. Hata hivyo, aghalabu fumbo hilo halitajwi kabisa. Vitabu vingi vya fizikia vya sekondari hueleza mzunguko utokanao na sumaku kwa njia moja tu: kitanzi cha waya chenye umbo la mstatili kimewekwa kati ya ncha mbili za sumaku, mkondo wa betri unapita ndani yake, na mwanafunzi anafundishwa kuvipanga vidole vitatu vya mkono wa kushoto ili ajue waya utasukumwa upande gani. Kisha sura hufungwa. Kijana humaliza shule akiwa hodari wa kupanga vidole, lakini akisimamishwa mbele ya mota inayoendesha mashine ya kusaga unga kijijini kwao hawezi kueleza inazungushwaje, kwa sababu ndani ya mota ile hakuna kitanzi cha namna aliyochorewa, na umeme hauingizwi hata kidogo katika sehemu inayozunguka.

Upungufu huu si mdogo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote utumikao duniani hutumiwa na mota, na sehemu kubwa ya mota hizo, hasa viwandani, katika pampu za maji, katika majokofu na katika mashine za kusaga na kukoboa, ni jamaa za kile kisahani cha mita kuliko kile kitanzi cha kitabuni. Shule inayofundisha kitanzi peke yake imemwonyesha mwanafunzi mlango wa nyuma na kumficha wa mbele.

Yafaa kuanza na historia, maana katika jambo hili historia yenyewe ni mwalimu mzuri. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Copenhagen alitangaza kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme huisogeza sindano ya dira iliyo karibu nao. Mwaka uliofuata Michael Faraday, jijini London, aliufanya waya wenye mkondo uizunguke sumaku iliyosimamishwa ndani ya bakuli la zebaki. Huo ulikuwa mzunguko wa kwanza wa kudumu uliopatikana kwa umeme na sumaku, nao ndio babu wa kitanzi cha vitabuni. (Zebaki ni sumu, na mvuke wake hudhuru, jaribio hilo lisirudiwe darasani.)

Jaribio la pili, lile lililosahauliwa, lilitoka Ufaransa. Fundi wa vyombo vya kupimia wa Paris, jina lake Gambey, aliona kwamba sindano ya dira iliyoning'inia juu ya kitako cha shaba, ikisukumwa kidogo, huyumba mara chache tu kisha hutulia, ilhali juu ya kitako cha mbao huendelea kuyumba kwa muda mrefu. Mwanasayansi François Arago alilishika jambo hilo akalifikiria kinyumenyume. Ikiwa shaba iliyotulia huizuia sindano inayokwenda, je, shaba inayokwenda haitaichukua sindano iliyotulia? Katika miaka ya 1824 na 1825 aliizungusha sahani ya shaba chini ya sindano ya sumaku, akiwa ameweka kizuizi katikati ili upepo wa sahani usiifikie sindano. Sindano iligeuka ikaifuata sahani, na sahani ilipozidi kwenda mbio sindano nayo ilizunguka mfululizo. Mwaka 1825 jumuiya ya wanasayansi ya London, Royal Society, ilimtunukia Arago nishani ya Copley kwa ugunduzi huo, ingawa yeye mwenyewe, na wale waliomtunuku, hawakujua sababu yake.

Waingereza wawili, Charles Babbage na John Herschel, walilipindua tena jaribio hilo mwaka 1825. Waliizungusha sumaku yenye umbo la kwato la farasi chini ya sahani ya shaba iliyoning'inizwa, na sahani ikazunguka. Kisha wakafanya jambo la busara sana: wakaikata sahani ile mipasuo kutoka ukingoni kuelekea katikati. Shaba ilikuwa karibu ile ile kwa uzito, lakini nguvu ya kuzunguka ilipungua mno. Walipoijaza mipasuo kwa risasi ya kuchomelea, nguvu ikarudi. Mtu anayeyasoma majaribio hayo leo anatamani kuwapigia kelele, maana jibu lilikuwa limekaa mikononi mwao. Kitu fulani kilikuwa kikipita ndani ya shaba, na mipasuo ilikikatia njia.

Kitu hicho kilitambuliwa na Faraday mwaka 1831. Ni mkondo wa umeme. Kanuni aliyoifikia yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Sumaku huzungukwa na eneo ambamo nguvu yake inafika. Eneo hilo huitwa uga wa sumaku. Mahali popote uga huo unapobadilika, ukizidi au ukipungua, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya kitu chochote kilichopo hapo ambacho hupitisha umeme. Si lazima kiwe waya. Si lazima kivutwe na sumaku. Kinachotakiwa ni kwamba kipitishe umeme na kwamba uga ubadilike. Alumini na shaba hupitisha umeme vizuri sana. Ndiyo sababu zinafaa.

Mwaka 1834 Heinrich Lenz, aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, aliongeza neno moja linalokamilisha habari: mkondo uliozaliwa hivyo daima huelekea upande wa kulipinga badiliko lililouzaa. Tuseme sumaku inapita juu ya sahani ya alumini, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuigusa. Sehemu ya sahani iliyo mbele ya sumaku inaona uga ukizidi kuja. Mikondo inayozaliwa hapo hupinga ujio huo, yaani huisukuma sumaku irudi ilikotoka. Sehemu iliyo nyuma, ambayo sumaku imekwisha kuipita, inaona uga ukipungua; mikondo ya hapo hupinga kuondoka kwake, yaani huivuta sumaku isiende. Mbele inasukumwa, nyuma inavutwa, na kwa pande zote mbili sumaku inazuiliwa. Lakini hakuna kani isiyo na kani ya kuijibu. Ikiwa sahani inaizuia sumaku isiende kulia, basi sumaku nayo inaisukuma sahani iende kulia. Sahani ikiwa imeshikiliwa na mhimili katikati yake, haina njia nyingine ila kuzunguka.

Maelezo ni hayo tu. Hakuna vidole vya kupangwa, wala hakuna hesabu iliyo juu ya uwezo wa kidato cha pili. Mikondo yenyewe hujizungusha ndani ya bamba kama maji ya mto yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Léon Foucault wa Ufaransa aliichunguza mwaka 1855, na katika lugha kadhaa ingali ikiitwa kwa jina lake. Mipasuo ya Babbage na Herschel ilivunja miduara hiyo, na bila miduara hapana kani.

Kutokana na maelezo hayo hutoka jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipenda likishaeleweka. Sahani huifuata sumaku, lakini haiwezi kamwe kuifikia. Kama sahani ingezunguka kwa mwendo ule ule wa sumaku, basi kwa sahani hiyo sumaku ingekuwa kama imesimama. Uga usingebadilika, mkondo usingezaliwa, na kani ingetoweka. Hapo sahani ingepunguza mwendo kwa msuguano, ikaachwa nyuma kidogo, na mara kani ingerudi. Kwa hiyo sahani huishi daima nyuma kidogo ya kiongozi wake, na kuachwa nyuma huko ndiko kunakompatia nguvu ya kumfuata.

Jaribio hili halihitaji maabara. Mfuniko bapa wa sufuria ya alumini, ule wenye kishikio katikati, hufungwa uzi kwenye kishikio ukaning'inizwa ukae sawa kama meza. Chini yake huzungushwa sumaku zilizofungwa kwenye kipande cha ubao, na ubao huo umeshikizwa kwenye keekee ya mkono ya seremala iliyoelekezwa juu. Mfuniko ukae karibu na sumaku kiasi cha upana wa kidole kimoja au pungufu, pasipo kuzigusa. Baada ya muda mfupi mfuniko huanza kugeuka, mwanzoni kwa uvivu, kisha kwa bidii zaidi. Keekee ikigeuziwa upande wa pili, mfuniko husimama kisha hurudi nyuma.

Kuna kosa moja ambalo limewavunja moyo walimu wengi waliojaribu. Sumaku inayopatikana kwa urahisi ni ile ya duara yenye tundu katikati, inayotolewa kwenye spika ya redio iliyoharibika. Uso wake mmoja wote ni ncha ya kaskazini na uso wa pili wote ni ncha ya kusini. Sumaku hiyo ikiwekwa katikati ya ubao na kuzungushwa kama pia, uga wake haubadiliki popote, maana kila upande umefanana na mwenziwe. Mfuniko hautatikisika hata ungezungushiwa kutwa. Yahitajika sumaku mbili, moja kila mwisho wa ubao, moja ikitazama juu kwa ncha ya kaskazini na nyingine kwa ncha ya kusini. Mwalimu mwerevu ataonyesha kwanza sumaku moja ya katikati isiyofanya kitu, aliache darasa lishangae, ndipo aonyeshe mbili. Sumaku hizo zifungwe kwa nguvu, na wanafunzi wasimame mbali na ukingo wa ubao, kwani iliyofungwa ovyo huweza kuchomoka na kumjeruhi mtu.

Daima atakuwepo mwanafunzi atakayesema kwamba ni upepo. Huyo asikemewe, Arago mwenyewe alikuwa na shaka hiyo hiyo. Kipande cha kadibodi kikiwekwa katikati, upepo huzuiwa na mzunguko huendelea. Kifuniko cha plastiki cha ukubwa ule ule kikining'inizwa mahali pa kile cha alumini, hakiendi. Mfuniko wa alumini wa zamani ukikatwa mipasuo minane kuelekea katikati, mwendo wake hupungua mno. Kwa kipindi kimoja darasa limepita njia iliyowachukua wakuu wa sayansi wa Ulaya miaka saba, kutoka 1824 hadi 1831, nalo limejifunza namna ya kuikataa sababu ya uongo kabla ya kuikubali ya kweli.

Sasa yabaki hatua moja tu kutoka mfuniko wa sufuria hadi mota ya kiwandani: kuiondoa keekee. Je, uga wa sumaku waweza kuzunguka bila sumaku yenyewe kuondoka mahali pake? Walter Baily alionyesha mjini London mwaka 1879 kwamba yawezekana. Alizipanga sumaku za umeme chini ya sahani ya shaba, akaziwasha na kuzigeuza kwa zamu, na sahani ikazunguka. Ni kama watu walioketi duara wakipokezana wimbo: sauti huzunguka duara lote, na hakuna aliyeinuka kitini pake.

Umeme wa mkondo geu, yaani ule unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara, hufanya kazi hiyo ya kupokezana wenyewe. Katika umeme wa fezi tatu, mikondo mitatu hufikia kilele chake kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Kila fezi ikipewa koili yake, na koili hizo zikipangwa kuzunguka duara, uga huzunguka bila kitu chochote kusogea. Galileo Ferraris wa Torino, Italia, aliunda mota ya namna hiyo mwaka 1885 akaitangaza mwaka 1888. Mwezi Mei mwaka huo huo Nikola Tesla akapata hataza za mota yake nchini Marekani. Inachekesha kidogo kwamba Ferraris, aliyekuwa profesa hodari, alipiga hesabu akaona mota ya aina hiyo haingekuwa na maana viwandani kwa kuwa ingepoteza nusu ya nishati au zaidi. Hesabu yake ilichukulia kwamba sahani ingeachwa nyuma sana. Mafundi waliomfuata walitengeneza sehemu ya kuzunguka inayopitisha umeme vizuri zaidi na kuachwa nyuma kidogo tu. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akiwa Berlin, aliitengeneza kwa umbo la kizimba: fito za metali zilizounganishwa kwa pete mbili, moja kila mwisho. Umbo hilo ndilo litumikalo hadi leo.

Mota ya mashine ya kusaga ikifunguliwa, mwanafunzi huona katikati yake kipande kizito cha chuma na kusema: kumbe ni chuma kinachovutwa. Hapo mwalimu amwangalishe vizuri. Chuma hicho ni mamia ya mabati membamba yaliyopangwa pamoja, kila moja limetengwa na jirani yake, na ndani yake zimepitishwa fito za alumini. Chuma kipo ili kuuongoza uga upite kwa wepesi. Kazi ya kubeba mikondo ni ya alumini. Na kwa nini chuma kikatwe mabati badala ya kuwa gogo moja? Ni ile mipasuo ya Babbage na Herschel imerudi kwa kazi nyingine: mikondo haitakiwi kujizungusha ndani ya chuma na kukipasha moto bure. Transfoma zilizo juu ya nguzo za umeme zimepangwa mabati kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye kibandiko cha mota nyingi huandikwa mwendo wa mizunguko 1,440 au 1,450 kwa dakika. Umeme wa Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na katika mota yenye ncha nne uga huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Mizunguko ile hamsini au sitini iliyopungua haikupotea kwa ubovu wa kiwanda. Ni lile pengo la mfuasi na kiongozi wake, limeandikwa kwa tarakimu. Mahindi yakimiminwa kinuni, mota hupungua mwendo kidogo, pengo huongezeka, mikondo huongezeka, na kani huongezeka ikatosha kuyasaga. Mahindi yakizidi hadi mashine ikwame, pengo huwa kubwa kupita kiasi, mikondo huwa mikubwa kupita kiasi, na mota huungua. Fezi moja ikikatika kabla mota haijaanza, uga hauzunguki tena bali hupigapiga mahali pamoja. Mota hunguruma, haiondoki, nayo huungua pia. Mapangaboi mengi ambayo kapasita zao zimekufa hunguruma kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Mwendesha mashine ajuaye hivyo huzima swichi mara asikiapo ngurumo. Asiyejua hungoja aone. Gharama ya kungoja huko humwangukia mwenye mashine, na kina mama waliokuja na debe za mahindi hurudi nazo kichwani.

Wako walimu watakaopinga, nao wana hoja. Watasema kwamba kitanzi cha betri kina faida ya kuonyesha kani juu ya waya mmoja unaoonekana, kwamba hesabu yake ni nyepesi, na kwamba mtihani huuliza hicho. Hayo ni kweli. Mota ndogo za vitu vya kuchezea hufanya kazi namna hiyo, na hakuna sababu ya kukifuta kitanzi katika mafunzo. Kinachodaiwa hapa ni mpangilio: kisahani kitangulie, kitanzi kifuate. Mwanafunzi aliyekwisha kuona mfuniko wa sufuria ukiifuata sumaku atakutana na sheria ya Faraday na ya Lenz akiwa tayari na kitu cha kueleza, badala ya kuzikariri kama majina ya miji asiyoijua. Nao muda unaohitajika ni kipindi kimoja au viwili.

Wengine watasema kwamba zama za mota hizi zinapita, kwa kuwa magari na pikipiki nyingi za umeme za siku hizi hutumia mota zenye sumaku za kudumu ndani ya sehemu inayozunguka. Hilo nalo ni kweli kwa sehemu. Lakini hata mota hizo huongozwa na uga unaozungushwa kwa koili zinazopokezana, na anayeuelewa uga huo kwa mfuniko wa sufuria ameelewa nusu ya habari ya pikipiki.

Kuna faida nyingine, nayo ni kinga. Kila baada ya muda huzuka mtu mwenye gurudumu lililobandikwa sumaku, akidai kwamba litazunguka milele na kutoa umeme bila mafuta wala malipo, na vijana wenye akili nzuri hupoteza fedha na miezi wakijaribu kuliiga. Kijana aliyewahi kushika keekee chini ya mfuniko wa alumini hadanganyiki upesi. Ameona kwamba mkono ukiacha kuzungusha, mfuniko hauna wa kumfuata, ukalegea na kusimama. Sumaku imepitisha nishati ya mkono, haikuizalisha.

Hapo ndipo mita ya zamani inapostahili kukumbukwa tena. Tangu miaka ya 1990, mita za kulipia kabla, zinazojulikana Tanzania kwa jina la LUKU, zimekuwa zikichukua nafasi ya mita za kisahani, na mita za elektroniki zinaendelea kuziondoa zilizosalia katika nchi nyingi. Mita inayoondolewa huishia stoo, au huyeyushwa kwa ajili ya metali yake. Huo ni upotevu wa kusikitisha. Katika boksi moja lenye ukubwa wa kitabu kinene mna somo zima: koili moja ya waya mwembamba wenye mizunguko mingi, inayofuata msukumo wa umeme wa nyumba, koili ya pili ya waya mnene wenye mizunguko michache, inayofuata mkondo unaotumika, uga wa hizo mbili usiofika kileleni kwa wakati mmoja, na kwa hiyo unaotambaa juu ya kisahani na kukichukua, na upande wa pili sumaku ya kudumu iliyokipakata kisahani ili kukizuia, mwendo wake usipite kiasi cha umeme unaotumika. Kinachokizungusha na kinachokizuia ni jambo lile lile moja, likifanya kazi pande mbili.

Hata hesabu imo. Mita iliyoandikwa kwamba huzunguka mara 600 kwa kila uniti moja, yaani kilowati-saa moja au jouli 3,600,000, hupitisha jouli 6,000 kwa kila mzunguko. Kisahani kikichukua sekunde 60 kuzunguka mara moja, nyumba inatumia wati 100. Ni vyombo vichache vya fizikia vinavyomruhusu mwanafunzi kupima nguvu ya taa kwa saa ya mkononi.

Mashirika ya umeme yangefanya jambo jema kama yangetenga mita hizo chakavu kwa ajili ya shule za sekondari, na wakuu wa shule nao wasione haya kuziomba kwa barua katika ofisi za umeme za wilaya. Itolewayo iwe imekwisha kuondolewa ukutani na mafundi wenyewe. Mita iliyo kwenye umeme ni mali ya shirika, imefungwa lakiri, na kuifungua ni kosa na ni hatari ya kifo. Mita iliyokufa haina hatari hiyo. Mwalimu huondoa kifuniko, akakipiga kisahani kwa ncha ya kidole: huzunguka kidogo tu, kisha husimama kana kwamba kimezamishwa ndani ya asali. Kisha hulegeza skrubu mbili au tatu, akaitoa ile sumaku ya kuzuia, na kukipiga tena kwa nguvu ile ile. Safari hii darasa litapata muda wa kuihesabu mizunguko yake.